Nusu Yetu, Nusu ya Panya

Agosti 23

Kuanzia mtoni mpaka baharini hakuna mtu anayeijua tundra, nchi yetu hii ya baridi isiyo na miti mirefu, kama mimi. Mbweha akipotea, huja kuniuliza njia. Bata bukini hawaruki kwenda kusini mpaka niwape ruhusa, na mwaka juzi mto ulichelewa kuganda wiki nzima kwa sababu nilikuwa na mafua. Nayaandika haya mwanzoni kabisa ili Mwalimu Cikigaq ajue daftari lake limeangukia mikononi mwa nani.

Shule nimeiacha mara mbili. Mara ya kwanza nilifukuzwa, mara ya pili nilijifukuza mwenyewe. Sasa Mwalimu amesema nikilijaza daftari hili, kuanzia leo mpaka siku mto utakapoweza kubeba mtu, nikieleza jinsi mimea na wanyama wetu wanavyojiandaa na baridi, atanirudisha darasani na hatauliza mengine. Nilimwuliza kama naruhusiwa kutia uongo kidogo. Akasema uongo anao wa kutosha kwenye madaftari ya wengine.

Agosti 24

Mvua.

Agosti 25

Mvua. Bata bukini bado wanasubiri ruhusa.

Agosti 28

Leo namwandika mdogo wangu. Ana miaka themanini na kitu, na magoti yake yaligoma tangu theluji ya mwaka jana.

Mdogo wangu huyo ni bibi yangu Paniguaq, aliyemzaa mama. Mimi nilizaliwa mwezi mmoja baada ya kaka yake mkubwa kufa, nikapewa jina lake, Nanugaq, na hapa kwetu jina haliji peke yake, huja na aliyekuwa nalo. Tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni Bibi ananiita Kaka. Mama akininyanyulia mkono, Bibi humwuliza, "Unataka kumpiga mjomba wako?" na mkono unashuka. Kichwa cha samaki, kile chenye mashavu matamu, ni changu. Asubuhi kijiji kizima kinapoamkiana redioni, zile redio za kuongelea zilizo katika kila nyumba, yeye hungoja wengine wamalize, halafu anasema, "Na Kaka yangu bado amelala, msimpigie kelele." Nami nikimwita mdogo wangu, hucheka mpaka anakohoa.

Siku hizi hacheki sana. Tangu Juni hali. Anakunywa vijiko viwili vya supu, anasukuma bakuli. Muuguzi alikuja na ndege, akampima kila mahali, hakuona ugonjwa. Akasema tumpe chochote anachokitamani, maana akiendelea hivi hataiona barafu. Tukamwuliza anatamani nini. Alifikiri siku mbili. Jana akasema: ndago za panya, vile viazi vidogo vya mizizi ya nyasi anavyoviweka panya ghalani. Tena za kilima cha kaka yake tu, za mahali pengine hataki.

Agosti 29

Binamu yangu Ackiar amesema redioni, watu wote wanasikia, kwamba kumtuma Nanugaq akatafute ghala la panya ni kumtuma kipofu akachague rangi ya mtumbwi. Ackiar ni binti wa mjomba, kwa hiyo ana haki ya kunitania mpaka mmoja wetu afe. Nikamjibu kwamba yeye kwa miguu ile akikanyaga tundra, panya wote wanahama kwa kudhani ni tetemeko.

Bibi akachukua redio mkononi mwangu. Akasema kilima ni cha Kaka, Kaka ndiye atakayekwenda. Ackiar anaweza kumsindikiza asipotee.

Septemba 3

Siku nzima kuchuma matunda na Ackiar. Nitaandika ya mimea sasa, Mwalimu, maana mgongo umeniuma kwa kuinama na kuinama kwenyewe kumenifundisha.

Kila kinachoota kwetu kimelala chini. Kuna mti pale nyuma ya uwanja wa ndege, mti kweli, wenye shina na matawi na majani, lakini haunifikii kwenye kifundo cha mguu. Shina lake ni nene kama kidole changu. Bibi anasema ulikuwa hivyohivyo alipokuwa msichana. Nilikuwa naudharau. Leo nililala kifudifudi kando yake kukwepa upepo, na ghafla nikasikia joto. Juu upepo unachuna masikio, chini pale, kimo cha kiganja, hakuna upepo kabisa. Mti umekaa pale zaidi ya miaka sabini bila kuinua kichwa, unaota jua. Mimi nimesimama wima maisha yangu yote na nimepata nini? Mafua.

Halafu yale majani ya chai yetu ya tundra. Geuza jani uone: kwa chini lina manyoya ya rangi ya kutu, na kingo zake zimekunjwa kwa ndani kama mtu aliyeficha mikono kwenye mikono ya koti. Halidondoki. Linaingia kwenye theluji likiwa jani na linatoka likiwa jani.

Ukichimba mkono mmoja unakuta barafu ambayo haijawahi kuyeyuka. Kwa hiyo mizizi haiendi chini, inakwenda pembeni, inashikana na ya jirani. Ackiar anasema ndiyo maana sisi nasi tunaingiliana mambo ya nyumba kwa nyumba.

Septemba 4

Nilimwona nyuki, yule mnene wa manyoya, ametua kwenye ua la mwisho na anatetemeka mwili mzima. Nikasema huyu amekwisha. Kumbe anajipasha moto. Alitetemeka, akatetemeka, akaruka. Bibi anasema wote wanakufa ila malkia, naye anajichimbia ardhini mpaka majira ya maji, theluji inapoyeyuka. Nilimwambia na mimi ningekuwa malkia ningefanya hivyo. Alitabasamu. Bakuli alilisukuma.

Septemba 9

Bata bukini wameondoka. Sikuwapa ruhusa.

Septemba 13

Bibi amenifundisha leo, yeye kitandani, mimi sakafuni. Nitaandika yote kwa sababu nilijifanya nayajua.

Panya wetu ni mfupi wa mkia, masikio yamezama kwenye manyoya. Halali baridi yote kama wavivu wengine. Anaishi chini ya theluji, ana barabara zake, chumba cha kulala, choo mbali na chumba cha kulala, na ghala. Majira haya anakata ndago za ile nyasi yenye vichwa vya pamba, anazimenya, anaziosha kwa ulimi, anazipanga. Bibi anasema hajawahi kuona jikoni safi kama ya panya, na akaiangalia jikoni yetu.

Ghala halionekani. Linatafutwa kwa nyayo. Unatembea polepole na viatu vya soli nyembamba, na pale lilipo, ardhi itabonyea kama utosi wa mtoto mchanga. Hapo unapasua kifuniko cha ukoka, unakiinua kama mfuniko wa sufuria. Unachukua nusu. Nusu unamwachia, kwa sababu ana watoto na miezi saba ya giza na theluji mbele yake. Kisha unamlipa samaki mkavu, unarudisha kifuniko, unakanyaga kingo upepo usiingie.

Ghala la kilimani alionyeshwa na kaka yake akiwa na miaka sita. Panya mwenyewe haishi hata miaka miwili, lakini nyumba ni ileile, binti anarithi kwa mama. Bibi amelichukulia nusu kila mwaka, na kila mwaka amekuta limejaa.

"Ukimaliza lote?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyewahi kumaliza lote, Kaka," akasema. "Kwa hiyo sijui."

Septemba 16

Ukungu. Ackiar kaja kuchukua chumvi, akakaa saa tatu.

Septemba 18

Umande umeganda asubuhi. Bibi ametuagiza tushushe kutoka darini samaki wawili wa kulipia, wale wa minofu ya tumbo la samoni waliokaushwa kwa moshi mpaka wanatoa mafuta. Aliwachagua kwa kunusa. Aliyekuwa mnono zaidi akamfunga kwenye karatasi, akanipa. "Mpe mwenye nyumba," akasema. "Mwambie anatoka kwangu."

Septemba 19

Leo leo leo! Andikeni tarehe hii mlangoni.

Tulipandisha mto kwa mashua alfajiri, tukashukia upande wetu uleule. Kwenye kijito tukaachana, Ackiar akaenda bonde la chini, mimi kilimani. Nilivua buti za mpira nikatembea na soksi, nyayo zikawaka kwa baridi, halafu hazikuwaka tena. Nilizunguka kilima mara nne. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia Bibi, ndipo ardhi ikabonyea. Utosi wa mtoto, haswa. Nilisimama pale kwa mguu mmoja kama korongo, naogopa kuuinua nisije nikapapoteza.

Nikapasua kifuniko. Mwalimu, sijawahi kuona kitu kama kile. Shimo la ukubwa wa beseni, limetandikwa nyasi kavu, na ndani ndago tupu, zimemenywa, zinang'aa, kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine, na vijizizi vyekundu vimewekwa pembeni peke yake. Mnyama anayeingia kwenye kiganja changu! Hana mikono ya maana, hana mwanga, hana aliyemfundisha. Amebeba moja moja mdomoni kiangazi kizima. Mimi nikitumwa kuni nachukua mapumziko matatu.

Nilichukua nusu, nikaacha nusu, nikaweka samaki, nikafunika. Kama inavyotakiwa.

Tulipokutana kwenye mashua, gunia langu lilikuwa mara mbili ya la Ackiar. Alilinyanyua, akalirudisha chini.

"Hii ndiyo nusu?" akasema. "Basi panya huyo ana ghala la serikali."

Nikamwambia wivu haujengi. Nikatangaza redioni kabla hata sijavua koti.

Septemba 20

Bibi amekula. Mama alizichemsha ndago na supu ya bata bukini, Bibi akatia moja mdomoni, akafumba macho, akaizungusha. Tukawa tunamwangalia kama watu wanaongoja injini ishike. Akameza. Akasema, "Utamu uleule." Akala bakuli zima, akaomba lingine, akauliza kama ni lazima tumkodolee macho.

Kisha akaniuliza kama nilimpa mwenye nyumba samaki wake. Nikasema ndiyo. Akanishika sikio, akalivuta kidogo, hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kwa kaka yake.

Septemba 24

Amekula. Amekaa kitako mwenyewe.

Septemba 27

Amekula. Ameigombeza redio.

Oktoba 2

Ameshuka kitandani, amekwenda mpaka dirishani akishika meza. Kijiji kizima kimeshapata habari kwamba Kaka ndiye aliyemponya. Yeye mwenyewe alisema redioni. Ackiar akajibu kwamba sasa kichwa changu hakitapita mlangoni, wabomoe ukuta.

Oktoba 6

Theluji ya kwanza. Kwale wamegeuka: mgongo bado una madoa ya kahawia, tumbo jeupe kabisa, na miguu imeota manyoya mpaka kwenye vidole. Wanatembea juu ya theluji laini bila kuzama, sisi tunazama mpaka magotini. Kwenye madoa ya theluji na ukoka wanajichanganya vizuri hivi kwamba nilimkanyagia mmoja karibu na mkia ndipo akaruka kama baruti. Nilipiga kelele. Ackiar hakuwepo, kwa hiyo sikupiga.

Oktoba 8

Bibi ananieleza theluji inavyomfaa panya. Ikiwa nene ni blanketi. Juu yake hewa inaua, chini yake panya anatembea na mambo yake. Anaomba ianguke nyingi. Mimi pia nimeanza kuomba.

Oktoba 13

Mvua. Mvua mwezi huu! Imeinyeshea theluji siku nzima.

Oktoba 14

Baridi imerudi ghafla, kila kitu ni kioo. Niligonga theluji kwa kisigino, haikuvunjika. Nilifikiria ghala siku nzima. Mwenye chakula ndani hana haja ya kutoka; asiye nacho atatoka vipi?

Ackiar kauliza mbona siongei.

Oktoba 17

Mbweha kazunguka nyuma ya nyumba. Mweupe tayari, masikio mafupi, nyayo zina manyoya kama soksi. Alisimama, akainamisha kichwa akisikiliza chini ya barafu, akaruka juu akatua na pua. Barafu ilimrudisha. Akarudia mara tano. Zamani ningecheka.

Oktoba 21

Bibi anataka kwenda kilimani. Anasema ana nguvu sasa, nimkalishe kwenye sileji, ule mkokoteni wa kuburutwa juu ya theluji, nimvute kwa pikipiki ya theluji. Anataka kukanyaga pale mara moja na kumshukuru mwenye nyumba. Nikasema pikipiki ina hitilafu.

Oktoba 23

Nikasema ukungu.

Oktoba 26

Nikasema barafu ya kijitoni haijakomaa. Ackiar akasema yeye alipita jana.

Oktoba 30

Theluji nzuri, kavu. Hakuna ukungu. Pikipiki inawaka kwa mvuto mmoja. Bibi ameshavaa, kavaa na wale viatu vyake vya ngozi ya sili, vya soli nyembamba.

Tulikwenda. Tulirudi. Baridi kali.

Oktoba 31

Hakuna cha kuandika.

Novemba 1

Hakuna.

Novemba 4

Mwalimu alipita akaona daftari mezani. Akasema zimebaki kurasa mbili na mto unakaribia kuganda. Akasoma pale pa mti uliolala, akasema hajawahi kusoma vizuri namna ile kutoka kwangu. Nikalifunga daftari kabla hajafika Septemba 19.

Novemba 7

Mto umebeba mtu. Mtu ni mimi, nilirukaruka mara tatu katikati na haukulia hata kidogo. Kwa hiyo nimemaliza, nitarudi shule, na ningeweza kuishia hapa.

Nitaandika ya Oktoba 30.

Tulikuwa watatu, mimi mbele, Bibi kwenye sileji amefunikwa ngozi, Ackiar nyuma yake anamshika. Njia nzima Bibi alikuwa anaimba. Kufika kilimani hakuniuliza ni wapi. Alimwonyesha Ackiar mahali pa kuondoa theluji, tukamsimamisha, kila mmoja bega moja, akanyoosha mguu, akakanyaga.

Mguu ulizama mpaka kwenye kifundo.

 Alituambia tuitazame theluji pande zote. Panya akiwepo chini, hutoboa vitundu vya hewa, na pumzi yake hujenga ukingo wa barafu nyeupe kuzunguka kitundu. Hapakuwa na kimoja. Akamwambia Ackiar ainue kifuniko. Hakikuwa hata kimekanyagwa kingo, kiliinuka chenyewe. Ndani theluji ilikuwa imeingia. Nyasi za kutandika zilikuwa pale, zimepangwa duara, na katikati hapakuwa na kitu. Wala mfupa wa samaki. Wala gamba.

"Ulimpa kipande gani?" Bibi akaniuliza.

"Tumbo," nikasema. "Ulilofunga mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kipande cha samaki alichokuja nacho, akamwomba Ackiar akiweke katikati ya zile nyasi, arudishe kifuniko. Yeye mwenyewe akakanyaga kingo, polepole, mguu huu, mguu ule, akinishika mimi. Aliponigeukia uso wake haukuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Twende nyumbani, mjukuu wangu," akasema.

Ackiar akanitazama, kisha akatazama mbali. Tangu siku hiyo hajanitania hata mara moja, na sikujua kwamba hilo linaweza kuuma.

Bibi anakula. Ackiar amempa gunia lake lote la ndago; Bibi hajambo, ameanza kuzozana na mama kuhusu jikoni. Kichwa cha samaki bado ananiwekea. Asubuhi redioni anawaamkia wote, na mwisho anasema, "Mjukuu wangu Nanugaq naye anawasalimu." Hakuna aliyeona tofauti ila sisi watatu. Wajukuu anao kumi na mmoja.

Mwalimu, rudi Septemba 19, pale nilipoandika "nusu". Futa. Nilichukua zote, mpaka zile ndogo, nilikomba kwa kucha, kwa sababu nilitaka gunia limshinde Ackiar. Na samaki sikumpa mwenye nyumba. Nilimla njiani kabla ya kilima, nikatupa karatasi kijitoni. Asubuhi ile nilikuwa nimekula uji bakuli mbili. Hata njaa sikuwa nayo.